Baka lililokataa tyubu mbili likatwe kinyama, kipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongeze neno juu ya jibu lililotolewa na safu yenu ya afya majuma mawili yaliyopita, ambapo msomaji mmoja wa Bahi alieleza kwamba ana mabaka mapajani na kwenye makalio kwa mwaka wa nne sasa, kwamba ametumia dawa za fangasi za kupaka na za kumeza, na kwamba mabaka hayo hufifia kwa muda kisha hurudi palepale. Alijibiwa kuwa hiyo ni fangasi sugu, abadilishe dawa, afue nguo zake kwa maji ya moto na azianike juani. Kufua na kuanika hakuna ubaya. Kilichonifanya nishike kalamu ni hilo neno "sugu", kwa kuwa nami nililitumia juu ya ngozi yangu mwenyewe kwa miaka sita, nikiwa mtumishi wa afya mwenye cheti na uzoefu, na nilikuwa nimekosea: ilikuwa saratani inayoanzia kwenye ngozi.

Nilifanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma katika mojawapo ya wilaya za mkoa huu wa Dodoma. Wasomaji wa rika langu wanalikumbuka jina la Hombolo kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma waliotunzwa huko, na wanajua jinsi baka lolote jepesi kwenye ngozi lilivyotosha kumfanya mtu atengwe mezani na hata kisimani. Kazi yangu ilikuwa kupanda pikipiki, kwenda kijijini, kumtafuta mwenye baka, kumfumbisha macho na kumgusa kwa ncha ya pamba nikimwuliza kama amehisi. Asipohisi, na hasa kama mshipa wa fahamu wa kiwiko au wa goti umenenepa, nilikuwa nimepata jibu. Akihisi, nilimwambia kwa furaha kwamba hana ukoma, nikamwandikia dawa ya fangasi au ya ukurutu, nikapanda tena pikipiki yangu. Leo najiuliza ni wangapi kati ya hao waliohisi pamba walistahili kuulizwa swali la pili.

Baka langu la kwanza lilitokea mwaka 2012, kwenye kalio la kushoto, ukubwa wa kisahani cha kikombe, rangi yake nyeusi kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, lina magamba membamba kama ya kitunguu na linawasha kwa mbali. Nilifanya kile nilichozoea: nilimwomba mke wangu aniguse kwa pamba, nikahisi kila mguso, nikashukuru Mungu kwamba si ukoma. Nikahitimisha kwamba ni fangasi ya jasho, matokeo ya kukaa juu ya kiti cha pikipiki kutwa nzima. Nilipaka mafuta ya Whitfield, baadaye krimu nyingine ya fangasi, na mwishowe nikaangukia zile tyubu za mchanganyiko zinazouzwa katika kila duka la dawa, ambazo ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kwa pamoja. Hizo zilinisaidia sana, au ndivyo nilivyodhani. Baka lilififia ndani ya wiki mbili, likarudi baada ya mwezi, likaleta mwenzake kwenye paja, na kufikia mwaka 2016 nilikuwa na mabaka saba, yote katika sehemu ambazo kaptura inazifunika.

Katika miaka hiyo nilikwenda kuonana na matabibu mara nne, na hapa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wenzangu. Hakuna hata mmoja aliyeniomba nivue suruali. Nilieleza kwa mdomo, wakanisikiliza kwa heshima kwa kuwa walinijua, wakaandika. Nami sikuwasaidia, kwa sababu mzee wa Kigogo havui nguo mbele ya kijana wa umri wa mwanawe bila kusukumwa, na katika chumba chenye pazia la nusu dirisha na foleni ya watu mlangoni hakuna anayesukuma. Wengine walilaumu maji ya chumvi ya visima vyetu. Wengine walilaumu upepo mkavu wa Juni hadi Agosti, ambao kweli hukausha ngozi ya kila mtu hapa mpaka ikapasuka. Mwaka wa 2018 nilikutana na tabibu mmoja aliyesomea magonjwa ya ngozi, ambaye kabla sijamaliza sentensi ya kwanza alisema, "Mzee wangu, naomba nione." Aliona, akapima kila baka kwa kiganja chake, akanyanyua mkono wangu atazame kwapa, kisha akauliza nimepaka tyubu ngapi.

Nililokuwa nalo linaitwa mikosisi fungoidesi. Ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, lakini badala ya kuanzia kwenye matezi ya shingo au kinena kama limfoma nyingi tunazozisikia, hii huanzia kwenye ngozi na inaweza kubaki hapo kwa miaka mingi bila kwenda kokote. Jina lake ni sehemu ya balaa. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyefanya kazi katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, alimwona mgonjwa mwenye uvimbe wa ngozi uliofanana na uyoga, akaueleza ugonjwa huo mwaka 1806, na hatimaye ukapewa jina lenye maana ya kitu kama uyoga. Hakuna fangasi yoyote ndani yake. Zaidi ya miaka mia mbili imepita, na bado jina hilo linapoandikwa kwenye karatasi ya majibu kuna watumishi wanaolisoma haraka na kumrudisha mgonjwa dirisha la dawa akachukue vidonge vya fangasi. Mimi nilikaribia kuwa mmoja wao, kwani nilipoliona jina hilo kwenye karatasi yangu nilisema moyoni, "Si niliwaambia!"

Ugonjwa huu ni nadra. Katika nchi za Magharibi, limfoma zote zinazoanzia kwenye ngozi huwapata takribani mtu 1 kati ya watu 100,000 kwa mwaka, na mikosisi fungoidesi peke yake ni karibu nusu ya hizo. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wa Dodoma kuwa na watu 3,085,625. Ikiwa kiwango cha hapa kinakaribia hicho cha huko, basi kila mwaka kuna watu wapatao thelathini katika mkoa huu ambao limfoma inawaanzia kwenye ngozi, na mimi katika utumishi wangu wote sikuwahi kumtambua hata mmoja hadi nilipotambuliwa mwenyewe. Wapo. Wako katika vijiji vya Chamwino, Kongwa na Mpwapwa wakinunua tyubu.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la steroidi, maana ndilo linalochelewesha wengi. Seli zinazosababisha ugonjwa huu ni limfosaiti, na steroidi hutuliza limfosaiti. Kwa hiyo tyubu ya mchanganyiko inapopakwa kwenye baka la namna hii, baka hupungua kweli, muwasho hutulia kweli, na mgonjwa huamini kwamba ile dawa ya fangasi iliyomo ndani ndiyo iliyofanya kazi. Ajabu ni kwamba mojawapo ya tiba halali za hatua ya mwanzo ni krimu yenye nguvu ya steroidi, inayotolewa kwa kipimo na kwa uangalizi baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Dawa ileile ikitangulia kabla ya kipimo huwa pazia. Mtaalamu wa patholojia anayetazama kwa hadubini kinyama kilichokatwa kwenye ngozi iliyopakwa steroidi jana yake anaweza asione chochote cha kumshtua, kwa sababu seli alizozitafuta zimetulizwa. Ndiyo maana mgonjwa hushauriwa kuacha krimu hizo kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kukatwa kinyama, ushauri ambao mimi sikupewa mara ya kwanza. Majibu yangu ya kwanza yaliandikwa kwamba ni uvimbe sugu wa ngozi usio maalumu, maneno ambayo kwa lugha ya nyumbani yana maana ya "sijui". Na wanawake wanaotumia mkorogo wa kujichubua wajue kwamba nyingi za krimu hizo zina steroidi kali, hivyo ngozi yao nayo imevaa pazia hilohilo bila wao kukusudia.

Hata bila steroidi, ugonjwa huu katika mwanzo wake ni mgumu kuthibitisha, na sitaki msomaji adhani kwamba kipimo kimoja kinamaliza kazi. Limfosaiti huenda kwenye ngozi kila kunapokuwa na mzio, ukurutu au maambukizi. Kuziona tu hakutoshi. Mtaalamu hutafuta jinsi zilivyopanda hadi tabaka la juu la ngozi, zikijipanga kwenye ukingo wake wa chini au kujikusanya katika vifundo vidogo, na hutumia rangi maalumu zinazoonyesha ni aina gani ya limfosaiti na kama zimepoteza alama ambazo seli zisizo na ugonjwa huwa nazo. Katika nchi zenye vifaa vyote bado wastani wa kusubiri kati ya baka la kwanza na jina la ugonjwa ni miaka kadhaa, na wagonjwa wengi hukatwa kinyama zaidi ya mara moja. Mimi nilikatwa mara tatu. Kila mara ilikuwa ganzi ya sindano, kifaa cha duara chenye upana wa milimita 4, nyuzi mbili za kushona na dakika zisizozidi kumi na tano. Kung'olewa jino kuliniumiza zaidi.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi vya tiba nilivyosomea vilieleza mabaka "mekundu", na picha zake zilikuwa za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huonekana kama weusi wa zambarau au kahawia iliyokolea, au hauonekani kabisa. Isitoshe, kuna aina ya mikosisi fungoidesi ambayo huleta mabaka meupe yaliyopauka badala ya meusi, na aina hiyo huonekana hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi, tena kwa vijana na watoto zaidi kuliko ilivyo kawaida ya ugonjwa huu, ambao kwa jumla hupenda watu waliovuka miaka hamsini. Mtoto mwenye mabaka ya namna hiyo mapajani ataambiwa ana mba, ataambiwa ana mbalanga, au katika mkoa wenye historia kama yetu atagusiwa pamba kutafuta ukoma. Kwa bahati njema aina hiyo mara nyingi huenda polepole na huitikia matibabu vizuri. Lakini huko Marekani, ambako takwimu zimetunzwa kwa muda mrefu, imeonekana kwamba watu weusi hupata mikosisi fungoidesi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe, huipata wakiwa na umri mdogo zaidi, na kwa jumla matokeo yao ni mabaya zaidi. Sehemu ya sababu hapana shaka ni kuchelewa, na kuchelewa huko tunakujua.

Sipendi kumtia hofu mtu yeyote. Nilipotamka neno saratani nyumbani, mke wangu aliketi chini na shemeji zangu wakaanza kuulizana habari za shamba. Kwa kweli mgonjwa wa hatua ya mwanzo kabisa, yule ambaye mabaka yake yote yakijumlishwa hayafikii asilimia 10 ya ngozi yake, kwa kawaida huishi miaka karibu sawa na mtu mwingine wa umri wake. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kujifanyia chumbani: kiganja chako pamoja na vidole vyake ni takribani asilimia 1 ya ngozi yako. Mimi nilikuwa na viganja sita. Ugonjwa hauambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kuvaliana nguo, na hausababishwi na uchafu, jambo ambalo nalisema kwa sauti kwa sababu nilikwisha kumwona mama mmoja mwenye ngozi iliyobadilika mwili mzima akitengewa bakuli lake.

Huyo mama alikuwa na sura nyingine ya ugonjwa, na inafaa itajwe. Mwaka 1938 daktari Albert Sézary na mwenzake Bouvrain, hukohuko Ufaransa, walieleza mgonjwa ambaye ngozi yake yote iliwaka, matezi yalivimba na ndani ya damu yake zilionekana limfosaiti kubwa zenye kiini kilichokunjamana. Mgonjwa wa namna hiyo huwashwa usiku na mchana hadi hawezi kulala, nyayo na viganja hunenepa na kupasuka, na hutetemeka kwa baridi hata katika jua la Oktoba la Dodoma, kwa kuwa ngozi yake imeshindwa kutunza joto. Hiyo si hali ya kusubiri zamu ya kliniki ya mwezi ujao. Vilevile baka lililokuwa bapa likianza kuinuka na kuwa uvimbe, uvimbe ukachanika na kuwa kidonda, au mitoki ikatokea kinenani bila kidonda mguuni, mgonjwa aende haraka, maana katika hatua hizo maambukizi yanayoingia kupitia ngozi iliyochanika ndiyo yanayoua wengi. Zipo na limfoma nyingine za ngozi ambazo hazina tabia hizi, zikiwamo zinazotokana na limfosaiti za aina ya B, ambazo huja kama kinundu kimoja au viwili kichwani, mgongoni au mguuni, lakini barua hii ingerefuka kupita kiasi nikizieleza zote.

Watu huniuliza kwa nini sikupewa dripu za saratani mara moja. Swali hilo lilijibiwa na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989, ambamo wagonjwa 103 wa mikosisi fungoidesi waligawanywa kwa kura: nusu walipewa tangu mwanzo mionzi ya ngozi nzima pamoja na tibakemikali kali, na nusu wakapewa tiba za ngozi za taratibu zikiongezwa nguvu pale ugonjwa ulipodai. Kati ya waliopigwa kwa nguvu, wengi zaidi walipata nafuu kamili, lakini hawakuishi zaidi ya wenzao, na mateso ya dawa waliyapata zaidi. Tangu hapo kanuni ya madaktari wengi imekuwa kuanza na chepesi. Mimi nilianza na krimu kali ya steroidi kwa kipimo, kisha nikatibiwa kwa mwanga wa urujuanimno mara tatu kwa wiki, nikisimama ndani ya kabati lenye taa kama mshumaa ndani ya kandili, kwanza kwa sekunde chache na baadaye kwa dakika. Huduma hiyo niliipata Dar es Salaam. Treni ya mwendokasi ilikuwa haijaanza, nami sikuweza kwenda na kurudi Dodoma mara tatu kwa wiki kwa basi, kwa hiyo nilihamia kwa mpwa wangu kwa miezi mitano. Mabaka yaliondoka yote isipokuwa kivuli kimoja ambacho huangaliwa mara mbili kwa mwaka. Nisingekuwa na pensheni na mpwa, sidhani kama ningefika hata mwezi wa pili.

Hapo ndipo ninapotaka wakuu wetu wanisikilize, na kwa kuwa wabunge wote hukutana katika mji huu, wengine wao labda watalisoma gazeti hili wakiwa hapahapa. Kinyama kinaweza kukatwa katika hospitali ya wilaya na tabibu aliyefundishwa. Kinachotushinda ni safari ya hicho kinyama. Kichupa cha formalini kikosekane, kinyama huoza. Fomu ikijazwa maneno mawili, "upele sugu", kama fomu yangu ya kwanza ilivyojazwa, mtaalamu aliye mbali hana namna ya kujua kwamba mabaka yako mahali jua lisipofika, kwamba yana miaka sita na kwamba yamepakwa steroidi. Na rangi maalumu za kutofautisha limfosaiti zinapohitajika, mgonjwa huambiwa achangie fedha, naye huondoka asirudi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023. Ninaomba kipimo cha kinyama cha ngozi pamoja na rangi zake kihesabiwe humo kuwa kipimo kimoja, kisigawanywe vipande viwili ambavyo kimoja hulipiwa na kingine humwangukia mgonjwa.

Kuhusu wataalamu, hatuanzi sifuri. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimewafundisha matabibu wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika kazi hii hasa ya kuangalia ngozi mahali pasipo na daktari bingwa. Tabibu aliyeniambia "naomba nione" alipita huko. Dodoma sasa ina Hospitali ya Benjamin Mkapa na chuo kikuu kinachofundisha udaktari, mambo ambayo hayakuwapo nilipoanza kazi. Ningependa kuona kila halmashauri ya Kanda ya Kati ikimpeleka Moshi walau tabibu mmoja, na akirudi asipangiwe kazi ya stoo. Nimeshuhudia hilo pia.

Ninapendekeza na utaratibu mmoja ambao hauhitaji bajeti. Kila zahanati iwe na desturi kwamba baka lililotibiwa kikamilifu kama fangasi mara mbili bila kupona, au linalorudi palepale kwa zaidi ya miezi sita, lisiandikiwe tyubu ya tatu. Mgonjwa avuliwe nguo kwa staha, mbele ya mtumishi wa jinsia yake inapowezekana, kwenye mwanga wa dirisha, akaguliwe makalio, mapaja, kiuno na matiti, kisha apewe rufaa. Wengi watakutwa na ukurutu au soriasisi, na wachache watakutwa na ukoma uliopitiwa. Kipimo kitakuwa kimewasaidia hao pia. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu nao, ambao nawaheshimu kwa kuwa ndio wanaotuhudumia saa nne za usiku, wangeweza kumwuliza mteja swali moja tu kabla ya kupokea fedha: hii ni tyubu ya ngapi?

Na kwa yule ndugu wa Bahi, ambaye simjui na ambaye huenda kweli ana fangasi: usitupe tyubu zako tupu. Zitie kwenye mfuko, andika kwenye karatasi mwaka lilipotokea baka la kwanza na mahali lilipokuwa, piga picha za mabaka yote kwa simu mchana kweupe, kisha nenda hospitali ya mkoa na uvitoe vyote mezani kabla hujaulizwa. Kwa makubaliano na tabibu, acha kupaka chochote kwa wiki tatu. Ukiambiwa mara ya kwanza kwamba kinyama hakikuonyesha kitu na mabaka bado yapo, rudi ukakatwe tena, na utaje kwamba ulikuwa ukipaka steroidi.

Wenu mtiifu,

Mtumishi mstaafu wa afya,
Kikuyu, Dodoma
(Jina na anwani yangu nimemkabidhi Mhariri)